Watoto wa Baada ya N

Chang'ombe, Dar es Salaam
3 Oktoba 1994

Alida mwanangu,

Kosa ambalo watu wengi hufanya mbele ya kompyuta ni kudhani kwamba inasoma kwanza mpaka mwisho, ndipo inaandika. Haifanyi hivyo. Ukiiamuru isome faili moja na kuyaandika majibu ndani ya faili hiyo hiyo, jambo la kwanza itakalofanya ni kuandaa mahali pa kuandikia, na kuandaa kwake ni kufuta. Ikigeuka kusoma, haikuti kitu. Ni sawa na mwalimu anayefuta ubao, kisha anawaambia wanafunzi wanakili kilichokuwa juu yake.

Naanza na hilo kwa sababu karatasi yako aliyoniletea dereva Muhire jana ina mistari mitano tu, na mmoja unasema: "Nilitumia Nyoosha kupanga majina kwa alfabeti na sasa faili ya watoto imeharibika." Muhire alisimama mlangoni, akakataa chai, akasema: "Mzee, huyu binti yako iko na hasira mingi. Amenipa hii karatasi kama mtu ananipa jiwe nikurushie." Nilicheka. Nakumbuka hasira zako tangu mwaka wa kwanza chuoni.

Nyoosha niliiandika mwaka 1985 kwa ajili ya watu wenye orodha ndefu na muda mfupi. Unaandika amri ya mstari mmoja, nayo inapanga, inabadilisha neno popote lilipo, inaondoa mistari inayojirudia, kisha inakuandikia faili iliyonyooka. Imetumika ofisi nyingi na imewatumikia vizuri. Kwa hiyo nakuomba utazame amri uliyoiandika siku ile. Nina hakika utakuta jina la faili limetajwa mara mbili, upande wa kusoma na upande wa kuandika. Usione haya. Nimewaona wakuu wa idara wakifanya hivyo hivyo.

Hukuniambia hao ni watoto gani, wala unafanya nini Kigali. Ulipomaliza masomo mwaka 1991 ukarudi Bujumbura kwa wazazi wako wakimbizi, nilidhani utabaki huko. Mji wa Kigali mimi niliuacha nikiwa na miaka kumi na minne. Usinieleze unafananaje sasa. Nieleze faili.

Mwalimu wako,
Frederick Rwema


Rebero, Kigali
11 Oktoba 1994

Mwalimu, shikamoo.

Nimeisoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama. Sikufanya kosa hilo.

Ningelifanya, faili ingekuwa tupu. Wewe mwenyewe ulitufundisha kutazama kabla ya kutoa hukumu, na hukutazama. Faili yangu haiko tupu. Ina mistari 284 mizima, na mstari wa 285 una herufi tisa: "Nyirabage". Jina la mtoto huyo ni Nyirabagenzi. Nyoosha ilimkata katikati ya jina lake ikaenda zake.

Ulitaka faili tu, lakini faili haielezeki bila mahali hapa. Tuko kwenye shule juu ya kilima cha Rebero. Walimu hawapo, kwa hiyo madarasa yamekuwa mabweni ya watoto waliookotwa bila wazazi, waliokuwa wakifika kila wiki kwa miguu au kwa magari ya watu. Wako 412. Mimi ndiye niliyewaandika. Kila mtoto ana mstari wake: jina, umri wa kukadiria, alikookotwa, nguo alizovaa, na maneno ya mtu aliyemleta. Kompyuta tuliikuta humu humu ofisini. Waporaji waling'oa diski yake ya ndani, wakaacha sehemu mbili za kuingizia disketi. Disketi zenyewe ziko mbili. Moja inawashia mashine na ina Nyoosha. Ya pili ndiyo ya kazi, na majina yalikuwa humo, pamoja na ripoti za mkurugenzi wetu, bwana Eustache, anayependa sana kuandika ripoti.

Utaniuliza karatasi za mwanzo ziko wapi. Kuni zilikuwa mbichi, na mkurugenzi aliamuru karatasi ziende jikoni zikawashe moto wa uji, kwa sababu "kila kitu kiko ndani ya mashine". Sikubishana naye. Printa haina utepe.

Shule itarudishwa kwa wenyewe, na tarehe 21 Novemba yatakuja malori matatu kuwapeleka watoto sehemu tatu tofauti. Nani anapanda lori lipi itaamuliwa na orodha. Nilimwambia mkurugenzi kwamba orodha imekatika. Alinijibu kwa utulivu kabisa: "Mademoiselle Alida, liste ni liste. Iko na watoto mia mbili themanini na nne. Wengine tutawaweka penye nafasi."

Penye nafasi, Mwalimu. Kama magunia.

Nilitumia amri moja tu, ile ile ya kupanga niliyoitumia kila walipofika wapya, na jina la faili nililitaja mara moja. Nitafutie kosa lingine, na safari hii anza kutafutia kwako.

Alida


Chang'ombe, Dar es Salaam
19 Oktoba 1994

Alida,

Sawa. Umenionyesha dalili na dalili hazidanganyi. Faili iliyokatika katikati ya jina ni faili iliyokosa mahali pa kuendelea. Disketi yenu ilijaa.

Nikueleze jinsi Nyoosha inavyofanya kazi, maana ndani yake kuna busara. Haiandiki juu ya faili yako moja kwa moja. Inaandika faili mpya pembeni, kwa jina la muda. Ikimaliza inaifuta ile ya zamani, kisha inaipa mpya jina la zamani. Hii ina maana kwamba kwa dakika chache disketi hubeba faili mbili. Yenu, pamoja na ripoti za huyo bwana, haikuwa na nafasi ya mbili. Nyoosha iliandika mpaka ukingoni, kisha ikaendelea na hatua zake.

Kuangalia nafasi ni wajibu wa mwenye disketi. Nimelisema hilo darasani na nimeliandika kwenye ukurasa wa nne wa maelezo ya matumizi.

Hata hivyo si hasara kubwa kama ulivyodhani. Orodha imefika N. Baada ya N alfabeti inakwisha haraka. Ni watu wangapi wana majina ya O, P, Q, V, X? Waite waliobaki, uwaulize upya, uwaandike. Ni kazi ya asubuhi moja. Umesema malori yanakuja Novemba, basi muda unao wa kutosha.

Usimkasirikie mkurugenzi. Mtu asiyejua mashine huiamini kupita kiasi, na dawa yake ni kueleweshwa.

Frederick Rwema


Rebero, Kigali
27 Oktoba 1994

Mwalimu,

Umekaa Dar miaka mingi mno.

Baada ya N? Baada ya "Nyirabage" kuna akina Nyirabagenzi, Nyiramana na Nyiransabimana. Kuna Rukundo, Sibomana, Tuyisenge, Twagirayezu. Halafu inakuja U. Uwera, Uwase, Uwimana watatu, Umutoni wawili, Umuhoza, Uwineza. Herufi U peke yake inajaza bweni kwetu. Hao unaowamaliza kwa asubuhi moja ni watoto 128. Nani alikufundisha alfabeti yetu, Mwalimu, au uliiacha Rusumo mpakani?

Nimekwisha kuwaita, tena kabla hujanishauri. Nimewaandika kwa kalamu kwenye migongo ya ramani za jiografia. Majina wanayasema. Umri tunaukisia. Kisichorudi ni maneno ya wale waliowaleta, na hao wameshatawanyika.

Nikupe mmoja. Zaninka ana miaka sita. Katika orodha yoyote ya nchi hii mwenye jina hilo huwa wa mwisho, na yeye alikuwa anajivunia. Kila asubuhi alikuja dirishani: "Bado mimi wa mwisho?" Namjibu: "Bado." Anaondoka akirukaruka. Sasa anakuja, ananitazama, ananiambia: "Hata mwisho umenitoa." Ana mdogo wake, Habineza, kama miaka minne, asiyesema neno tangu alipofika. Unajua kwetu ndugu hawachangii jina la ukoo. Kila mtoto hupewa lake. Hakuna mtu atakayeona Zaninka na Habineza kwenye karatasi akajua wamezaliwa na mama mmoja. Aliyejua ni jirani yao Kankindi, aliyewabeba mpaka hapa, akatoa ushahidi wake nikauandika, kisha akaendelea kwenda Byumba. Nilimwambia mkurugenzi kwamba hao ni ndugu. Akasema: "Kila mtoto hapa anasema mwenzake ni ndugu yake, ili wapande pamoja. Nionyeshe maandishi."

Na hapa nina kosa langu, nikuambie kabla hujaligundua mwenyewe. Ushahidi wa ndugu niliuandika mara moja tu, kwenye mstari wa yule anayekuja nyuma kwa alfabeti. Nilikuwa nabana nafasi. Kwa hiyo undugu mwingi ulikuwa chini ya orodha, na chini ndiko kulikokatwa. Kuna makundi thelathini na moja ya ndugu ambayo sasa ni watoto tu wanaodai.

Hilo ni langu, nimelibeba. Sasa beba lako. Niliomba disketi moja ya zamani kwa ofisi ya jirani. Nikaijaza makusudi, nikaacha nafasi kidogo, nikaipa Nyoosha faili ndefu ipange. Nilijaribu mara nne. Mara zote nne faili ilikatika, na mara zote nne Nyoosha iliandika kwenye skrini neno moja: TAYARI. Siku ile pia iliniandikia TAYARI. Haikusema nafasi imekwisha. Haikusema imeshindwa. Wanafunzi wako ukitukamata tunadanganya ulitutoa nje ya darasa, lakini mashine yako umeiacha iseme uongo ofisi nzima na ukaiita busara. Ukurasa wa nne? Mtoto wa miaka sita hasomi ukurasa wa nne.

Jambo la mwisho. Ile disketi ya kazi nimeificha. Tangu siku ya kwanza niliichomoa, nikaiweka ndani ya kopo la unga wa mtama, na nikakataa kumpa mkurugenzi. Anasema nimeiba mali ya ofisi. Anaandika ripoti zake kwa mkono na ananisema humo. Sijui kwa nini niliificha. Nilihisi tu kwamba mtu yeyote asiiguse tena, hata mimi.

Waweza kunifukuza darasani. Siichomoi kwenye unga.

Alida


Chang'ombe, Dar es Salaam
3 Novemba 1994

Alida mwanangu,

Usiichomoe mpaka umalize kusoma.

Kukaidi kwako ndilo jambo pekee sahihi lililofanyika katika mkasa huu wote. Nilipaswa kukuambia kwenye barua ya kwanza kabisa: usiandike chochote juu ya disketi hiyo. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kufundisha. Sasa sikiliza. Mashine ikifuta faili haiondoi maneno. Inaondoa tu taarifa ya mahali yalipo, kama mtu aliyechana ukurasa wa yaliyomo na kukiacha kitabu. Maneno hulala pale pale mpaka mtu aandike juu yake. Nyoosha iliifuta faili yako ya zamani, lakini kama tangu siku ile hakuna aliyeandika ripoti hata moja, basi watoto wako wote 412 wamo ndani ya kopo la unga.

Muhire anakuletea disketi tatu. Ya kwanza ina programu ndogo niliyoiandika wiki hii na kuiita Okoa. Inasoma disketi kipande kwa kipande, bila kujali majina ya faili, na kila inachokikuta inakiandika kwenye disketi ya pili, ambayo ni tupu. Hakikisha kabla ya kuanza kwamba ile ya kwenye unga umeifungia kitundu chake kwa karatasi ya gundi, ili mashine isiweze kuiandika hata ikitaka. Vipande vitatoka vimechanganyika na ripoti. Utavipanga kwa macho. Ifute unga kwa kitambaa kikavu.

Disketi ya tatu ina Nyoosha mpya. Hapa lazima niseme jambo ambalo nimelificha katika barua mbili.

Kosa hili nililijua. Mwaka 1987 Lillian, aliyekuwa mkutubi wa chuo, aliniletea orodha ya vitabu iliyokatika hivyo hivyo. Alisema: "Mwalimu Rwema, programu yako imeniambia tayari na haikuwa tayari." Nilimwandikia kurasa tatu nikimweleza kwa nini kosa ni lake. Zilikuwa kurasa nzuri, zenye michoro. Hakuniuliza tena kitu. Juzi nilikaa kurekebisha, na marekebisho yote yalikuwa mistari kumi na saba. Miaka saba nililinda kurasa tatu ili nisiandike mistari kumi na saba.

Kosa lenyewe ni hili. Nyoosha ya zamani iliikabidhi disketi maneno bila kusubiri jibu. Mpya inauliza kila baada ya mstari: umepokea? Hiyo peke yake haitoshi, kwa kuwa mashine ina tabia ya kukusanya maneno kiganjani na kuyamwaga baadaye, hivyo yaweza kuitikia wakati bado imeyashika. Kwa hiyo Nyoosha inauliza tena wakati wa kufunga faili, maneno yote yakiwa yamemwagwa. Likikosekana jibu la ndiyo hata mara moja, inaitupa ile mpya iliyo nusu, haiigusi ya zamani, na inasema wazi kwamba imeshindwa. Majibu yote yakiwa ndiyo, bado haifuti ya zamani. Inaibadilisha jina tu na kuiweka kando. Kufuta ni kazi ya mtu, baada ya kutazama.

Kuhusu U. Umeniuliza kama niliiacha Rusumo. Dada yangu, aliyenibeba mgongoni nilipougua surua na aliyebaki Gatsata, hapo hapo Kigali, sisi tulipovuka mpaka mwaka 1961, anaitwa Uwanyirigira. Sikuisahau herufi hiyo. Niliikwepa. Ni rahisi kusema baada ya N hakuna watu.

Jaribu Nyoosha mpya mbele ya mkurugenzi wako. Ijaze disketi, uifanye ishindwe, aione inavyokataa. Kisha usikubali lori liondoke.

Frederick


Rebero, Kigali
22 Novemba 1994

Mwalimu, shikamoo.

Naandika mikono ikinuka petroli ya jenereta.

Muhire alifika tarehe 10. Nilimfuata Gatsata kwenye gereji anakolaza lori, akanipa bahasha akiwa amelala chini ya injini. "Safari hii mzee alinipa kwa mikono miwili," akasema. "Akaniambia nisiweke karibu na sumaku ya redio. Nikamwambia, mzee, redio yenyewe imeshaibiwa."

Okoa ilifanya kazi siku mbili, kwa saa tatu za jenereta kila asubuhi. Ilitoa vipande vya ripoti za mkurugenzi, na ndani ya ripoti hizo, vimelala kimya, watoto wangu. Mistari 409 ilirudi mizima. Mitatu ilipasuka katikati, nikaishona kwa yale niliyoandika juu ya ramani. Nilipoipanga upya kwa alfabeti, wa mwisho ulikuwa huu, nimekunakilia ulivyo: "Zaninka, miaka 6, gauni la kijani, dada wa Habineza, mama mmoja. Shahidi Kankindi, jirani, aliwajua tangu kuzaliwa." Nilimwita aje aone. Hajui kusoma. Aliweka kidole kwenye skrini, mwisho kabisa, akauliza: "Huyu ni mimi?" Nikamwambia ndiye. Akaangalia chini ya mstari wake ambako hakuna kitu, akaridhika.

Kisha nikamwita mkurugenzi nikaijaza disketi mbele yake. Nyoosha ikaandika: SIKUANDIKA. NAFASI HAITOSHI. FAILI YA ZAMANI IKO SALAMA.

"Mbona inabisha?" akauliza.

"Imefundishwa upya, monsieur le directeur."

"Na nani?"

"Na mtu aliyebisha muda mrefu kuliko wewe."

Sikumwomba msamaha kwa disketi. Hakuniomba msamaha kwa ripoti zake. Aliniambia tu kwamba orodha mpya imechelewa, mgawanyo umekwisha kupangwa kwa ile ya 284, na madereva hawatasubiri.

Jana malori yalipofika, madereva walikuta dawati langu kwenye baraza ya shule, kompyuta juu yake, jenereta ikinguruma uani, na mimi nimekaa katikati ya mlango. Mpishi wetu Scovia alikuwa amefunga geti kwa mnyororo wa baiskeli yake na kutia ufunguo ndani ya blauzi. Dereva mmoja akapiga kelele: "Mama, fungua, jua linakwenda!" Scovia akamjibu: "Njoo uutoe ufunguo mwenyewe kama wewe mwanaume." Madereva wengine wakacheka, na yule akazima injini.

Nilisoma majina kwenye skrini, mmoja mmoja, na kwa kila mwenye ndugu nilisoma ushahidi kwa sauti. Ilichukua asubuhi nzima. Mkurugenzi alisimama nyuma yangu akiwa na karatasi yake ya mgawanyo. Nilipofika mstari wa 71 nilimwita Habineza, akaletwa mkononi mwa Scovia. Nikasema: "Huyu anasubiri." Mkurugenzi akasema: "Anasubiri nini? Lori lake la kwanza limejaa." Nikasema: "Anasubiri mstari wa 412."

Tulifika U, Mwalimu. Ungesikia. Uwase. Uwera. Uwimana, Uwimana, Uwimana. Waliitika kwa nguvu kana kwamba darasa limerudi.

Nilipomaliza Zaninka nikageuka. Mkurugenzi aliinama, akasoma skrini yeye mwenyewe kwa muda, midomo ikicheza. Akawatazama wawili wale waliokuwa wameshikana mikono. Kisha akaichana karatasi yake ya mgawanyo, vipande viwili tu, bila fujo, na kuwaambia madereva: "Liste ni liste. Tunapanga upya."

Makundi yote thelathini na moja yameondoka pamoja. Zaninka alipanda wa mwisho. Alinipungia mkono kwa fahari kubwa, na Habineza bado hakusema kitu, lakini alikuwa amekamata mkanda wa gauni la dada yake, na hakuuachia.

Nimebaki na faili. Kila wiki mtu huja getini akiuliza mtoto. Orodha hii itasomwa kwa miaka.

Alida


Chang'ombe, Dar es Salaam
1 Desemba 1994

Alida mwanangu,

Barua yako nimemsomea Lillian. Nilikwenda kwake Ilala na disketi na barua ya nusu ukurasa badala ya kurasa tatu. Aliisoma, akaikunja, akasema: "Miaka saba, Mwalimu. Orodha yangu ya vitabu iko wapi?" Nimeanza kumtafutia. Nyoosha ya zamani iko katika ofisi kumi na moja nyingine, nami nimeziandikia zote, nikaziambia kosa ni langu na marekebisho yamo kwenye bahasha. Ofisi mbili zimenijibu kwamba hazijawahi kuwa na tatizo. Nimeziandikia tena.

Muhire anaanza safari wiki ya pili ya Januari na amenipa kiti cha mbele. Nitashukia Gatsata. Wewe nitafutie daftari, maana nitapita nyumba kwa nyumba nikiuliza jina moja la herufi U, na safari hii siruki. Wataniambia nimechelewa. Nitauliza hivyo hivyo.

Hilo ni la Januari. Mwishoni mwa barua yako umesema watu wanakuja kuuliza, basi utakuwa unaongeza mistari na kuandika upya kila siku, na Nyoosha itakuwa inakuambia TAYARI. Usiiamini kwa kuwa nimeirekebisha mimi. Leo, kabla jenereta haijazimwa, fungua faili uliyoiandika uende mpaka chini kabisa, na usome mstari wa mwisho.

Frederick Rwema